Tundu la Baba Kwenye Plau

Kijijini kwetu Molo, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Malaba, hapakuwa na nyumba yenye vyombo vyote vya kulima. Jirani wa juu alikuwa na ng'ombe wawili, wa chini alikuwa na wawili wengine na mnyororo, sisi tulikuwa na plau. Tuliviunganisha, tukalima kwa zamu. Asiyeleta kitu hakuwa na zamu. Baba alipofariki, mama hakubaki na nguvu za kulima shamba la wimbi kwa jembe la mkono. Alibaki na ile plau.

Mwaka uliofuata uhuru, siku mbili kabla ya zamu yetu, mkono wa plau ulichomoka. Baba ndiye aliyeufunga zamani kwa bolti moja, katika tundu alilotoboa mwenyewe. Bolti ililegea kila msimu, naye akaongeza waya juu yake. Waya ulizidi mpaka chuma hakikuonekana.

Nilifunga mkono ule na chuma unachoshikana nacho kwenye baiskeli ya jirani, nikaenda Malaba kwa mzee mmoja aliyefua vyuma karibu na reli. Wanaume kama watano walikuwa wamekaa wakingoja majembe yao. Mimi mbele ya watu sina maneno. Hata darasani, mpaka nilipoacha shule, nilijibu kwa kichwa.

Fundi alikata waya kwa patasi. "Aa, hii ni plau ama ni kiota?"

"Kiota cha kunguru," mmoja akajibu. Wakacheka wote.

Fundi alinigeukia. "Plau inatetemeka mchana kutwa, bolti lazima ilegee. Bolti ni ya kitu unataka kufungua kesho. Hii unataka kufungua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi napiga ribiti, tundu lilelile."

Akaweka kipande kinene cha chuma kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Ribiti huingia ikiwa ya moto, hupigwa ncha mpaka ifanye vichwa pande zote mbili, na ikipoa huvibana vile vyuma viwili visisogee tena. Alinipa chuma kizito niikaze kwa chini wakati yeye anapiga.

Nilipoinama ndipo nikauona ufa, upande wa chini. Ulitoka kwenye tundu la baba mpaka ukingoni, mwembamba kama unywele. Tundu lilikuwa karibu mno na ukingo. Nikinyamaza, chuma kitapasuka shambani, ng'ombe watapelekwa kwa wengine, na mvua ilikuwa imeshaanza. Nikisema, wataniuliza ni nani aliyetoboa.

Koleo lilikuwa tayari limeinua ribiti kutoka kwenye makaa.

"Mzee, ngoja. Kuna ufa."

Akageuza chuma, akatazama, akaitupa ribiti kwenye maji. "Nani ametoboa hapa ukingoni? Alidhani anatoboa sikio?"

Wakacheka tena.

"Ni baba yangu," nikasema. "Tulimzika mwaka jana."

Kicheko kilikatika. Mmoja alivua kofia. Fundi alifuta mikono yake polepole, ingawa haikuwa na maji.

"Pole, kijana wangu," akasema. "Hakuwa na wa kumshikia chini. Ribiti huwezi kupiga peke yako. Ndiyo maana alitia bolti."

Alitoboa matundu mawili mapya ndani zaidi, mbali na ule ufa. Nikashika chini, yeye akapiga. Joto lilinifika viganjani. Sikuachia.

Asubuhi ya zamu yetu mama alishika mkono wa plau mwenyewe, mimi nikaongoza ng'ombe. Mpaka jioni kipande chote cha wimbi kilikuwa kimegeuzwa, na ribiti hazikusogea. Tundu la baba lilikuwa limejaa udongo. Mama aliketi chini, akachukua kijiti, akautoa wote, kisha akalipaka mafuta ndani.

Hata sasa, kila tunapomaliza kulima, mama huanza kwa kulisafisha tundu hilo, ambalo halishiki kitu.