Majani ya Ukingoni

Aliyesababisha majani yangu kung'olewa ni mkuu wa avenyu yetu, yaani wa mtaa wetu. Sisemi vijana, sisemi majirani, sisemi mvua. Walioshika majembe asubuhi ile walitii amri, na amri ilikuwa yake. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu hapa Kasongo habari hii imekwisha simuliwa kwa namna nyingi, na katika kila namna mwenye kosa ni mtu mwingine.

Nilitumika katika ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, kwanza Kabambare, kisha hapa, hadi nilipostaafu. Nyumba yetu iko mwisho wa avenyu, pale ardhi inapokatika ghafla na kuwa korongo. Chumba cha nyuma, tunamolala mke wangu nami, kilikuwa hatua saba kutoka ukingoni.

Mke wangu ndiye aliyeyaleta majani. Alitoka kwao Wamaza kwa pikipiki, akashuka mbele ya mlango amekumbatia mashina yaliyofungwa mizizi kwa kitambaa chenye maji. Yalipokua yakawa marefu na membamba, yenye mashuke ya zambarau laini kama manyoya ya kifaranga. Tuliyapanda kwa safu ukingoni, na kando ya njia tukapanda mchaichai. Nakiri, ili kumbukumbu iwe sahihi, kwamba tuliyapanda kwa ajili ya uzuri tu. Msimu wa pili wa mvua ndipo nilipotambua kuwa ukingo wa jirani ulikuwa umesogea na wetu haukusogea.

Kwetu uwanja wa heshima hufagiliwa hadi udongo ubaki mwekundu. Majani karibu na nyumba ni dalili ya nyumba isiyo na watu. Wapita njia hawakutuhurumia.

"Papa, hiyo mbuzi yako yenye haionekane iko wapi?" aliuliza mmoja.

"Mbuzi ni weye," mke wangu alimjibu. "Ingia, ukule."

Mkuu wa avenyu alikuja na neno zito zaidi: kwamba nyoka alionekana mle. Nakiri hilo pia. Alionekana mara moja. Nilimwandikia mkuu barua. Nilieleza kuwa majani yale yamepandwa, kwamba nayapunguza kwa panga, kwamba mizizi yake inashika ukingo, na nikaomba yasiguswe siku ya salongo, ile siku ya usafi ambayo wakazi wote hutoka. Aliisoma mbele yangu, akapiga muhuri kwenye nakala. Nakala ninayo.

Kisha shemeji yangu akafariki Wamaza, nasi tukaenda matangani. Tuliporudi tulikuta watu wamesimama uwanjani, na uwanja unang'aa, alama za ufagio bado zinaonekana. Ni desturi yetu njema: wafiwa wasikute uchafu kwao. Mkuu wa avenyu alitangulia kutupokea.

"Papa, Mama, poleni sana. Tulisema, hamuwezi kutoka mu kilio na kuingia mu pori. Tumewafanyia kazi yote."

Mke wangu hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake. Ukingo ulikuwa mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Hawakukata kwa panga. Walichimba kwa majembe, shina na mzizi, wakatupa vyote korongoni. Mchaichai peke yake ulikuwa umesimama.

"Na hii mliiacha?" niliuliza.

"Hiyo ni ya chai, Papa," alijibu jirani yetu mmoja, mama mwenye moyo mzuri, jasho likimtiririka. "Ile ingine ilikuwa ya nini?"

Nilifungua kinywa. Mke wangu akanibana kiwiko, akaniambia kwa Kibangubangu, taratibu: "Shukuru. Watu hawa wametoka jasho kwa ajili ya kaka yangu."

Nikashukuru. Nimeandika barua kali nyingi maishani mwangu, na hakuna hata moja iliyonielemea kama neno lile.

Mfiwa hafungui kesi kabla matanga hayajaondolewa. Nilingoja. Mvua haikungoja. Alasiri ya siku ya nne tangu turudi, maji yalivuka uwanja ule safi bila kukuta cha kuyapunguza mwendo, na kipande cha ukingo chenye upana wa kitanda kikashuka kwa kishindo kimoja. Asubuhi iliyofuata niliona ufa katika ukuta wa chumba cha nyuma. Nilipiga mstari wa penseli pale ufa ulipokomea, nikaandika tarehe. Mvua ya pili iliuvusha mstari. Sasa hatua hadi ukingoni ni nne. Mke wangu alishuka korongoni, akarudi na mashina machache, akayapanda upya. Mengi yamekauka, na yaliyopona yanahitaji msimu mzima kushika udongo. Kila wingu linapotanda anaacha anachofanya na kwenda kusimama ukutani, kiganja juu ya ufa. Tumekihamisha kitanda. Ukuta hauhamishiki.

Matanga yalipoondolewa nilimpelekea mkuu wa avenyu nakala yangu. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Muhuri ni yangu, Papa, sikatae. Lakini majembe, kila mutu alitoka nayo kwake."

"Nani aliwaonyesha ukingo?"

Alicheka, akawageukia waliokaa mlangoni. "Ee, muangalie huyu! Mutu anafagiliwa nyumba bure, anakuja kushitaki!"

Nao wakacheka. Nilichukua nakala yangu, nikarudi nyumbani kuandika.

Jibu langu ni hili. Nadai kwa mkuu wa avenyu maelezo ya maandishi, yenye sahihi yake na muhuri uleule: nani aliyewaongoza wakazi hadi ukingoni, kwa nini barua aliyoipokea hakuwasomea, na nani atakayesimamisha ukuta utakapoanguka. Sidai chochote kwa majirani. Walikuja kwa wema. Nadai pia aje mwenyewe, mchana, kabla mvua nyingine haijanyesha, asimame katika chumba cha nyuma, mgongo wake ukiwa kwenye ule ufa, na amsomee mke wangu maelezo hayo kwa sauti, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.