Kitanda Namba 187 Kwenye Meli ya Saruji

Nimeshafokewa na mabosi wengi kwa kuchomelea vibaya. Ni mmoja tu aliyewahi kunifokea kwa kuchomelea vizuri.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Watu wa gatini wananiita Cheche. Nimeziba matundu ya meli mpaka nimesahau idadi.

Mwaka ule ikaja meli kuukuu ya kubeba saruji, imekula kutu hadi kwenye jina lake. Tukaitwa mafundi sita. Tukasainishwa karatasi ya kufunga mdomo, na simu zetu zikakusanywa kwenye ndoo pale getini.

Kazi yenyewe: vitanda mia mbili na arobaini ndani ya ngama, lile tumbo la meli la kuwekea mzigo.

"Siku hizi saruji inalala kitandani?" nikauliza.

Wenzangu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alivaa kiraia, lakini viatu vilisema wazi kwamba ni mwanajeshi.

"Cheche, wewe choma tu."

Tukachoma siku nne mfululizo. Joto la kumwivisha mtu, vumbi la saruji mpaka kwenye meno. Vilikuwa vitanda vya chuma, na miguu yake tulikuwa tunaichomelea kwenye sakafu mzunguko mzima, ili meli ikiyumba vyenyewe vitulie.

Nilipofika namba 161, msimamizi akaja mbio.

"Simama! Kuanzia hapa hadi 240 piga doti tu. Doti mbili kila mguu."

Doti ni kushikiza chuma kidogo tu. Ukikigonga kwa nyundo, kinang'oka.

"Bosi, hivi si vitamwangusha mtu?"

"Havimwangushi mtu. Vinatakiwa ving'oke haraka kule kule meli inakokwenda, watu wakishashuka. Na hicho ulichochomelea kamili, kata urudie. Nani alikutuma ufanye vizuri?"

Nikatazama juu. Vile themanini vilikuwa vimepangwa chini kabisa ya mlango wa juu, pale winchi inaposhushia mzigo. Vikiondoka, panabaki uwanja mtupu.

Uwanja wa nini sasa?

Jibu nilipewa na fundi umeme. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya vitanda vile, anafunga soketi mbili kubwa ukutani.

"Kaka, hao watu watachaji simu kwa moto wote huo?"

"Si za simu. Za kontena za baridi."

"Za nyama?"

Akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

"Mchoro nimeuona," akasema. "Wakati wa kwenda hakuna kontena la baridi hata moja. Ni za kurudia."

Jamani! Kumbe kuna watu walikaa mezani na penseli na rula, wakakadiria nafasi ya kuwarudisha wale watakaokufa. Na hapo risasi ya kwanza haijapigwa.

Nikapiga kimya. Si nilikuwa nimesaini?

Jumapili nikaenda kwa dada yangu.

Dada ana ugonjwa mmoja tu, kusoma simulizi za humu mtandaoni. Anasoma jikoni huku chungu kinaungua, akimaliza ananitumia mimi. "Mdogo wangu, soma hii, utalia." Mimi sisomi. Namjibu tu, "Nimelia."

Ana mtoto mmoja, wa kiume, askari. Nilimkuta sebuleni anapiga pasi sare zake juu ya meza.

"Mjomba, naenda mazoezini. Kwa meli! Mimi ambaye hata maji ya beseni yananitia kichefuchefu."

"Meli gani?" nikauliza.

"Hata sisi hatujaambiwa. Tumepewa hizi tu."

Akanipa kadi. Namba ya kitanda ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: 187.

Niliishika ile kadi muda mrefu mpaka akanicheka.

Dada akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa bandarini. Hizo meli wanazowapakia ni nzima?"

Nilikuwa na neno moja la kusema, na lilishafika kwenye ulimi. Ningelisema, yule kijana angeweza kujifanya mgonjwa. Angeweza kutoroka. Angeweza hata kwenda vile vile, lakini akijua anakwenda wapi na mama yake akijua anamuaga kwa lipi.

Niliogopa jela. Niseme ukweli, niliogopa.

"Ni nzima, Dada. Vitanda vingine nimechomelea mwenyewe."

"Basi nitalala fofofo," mpwa wangu akasema, akaendelea kupiga pasi.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kazi. Msimamizi alikuwa juu na wakubwa wake. Nikaenda moja kwa moja hadi 187, nikashusha kofia ya kuchomelea, nikazungusha moto miguu yote minne. Nikarudia mara ya pili. Nikapaka rangi juu yake ili asijue mtu.

Nilijua ni upuuzi. Lakini moyoni nilikuwa nasema, hiki hakitang'oka, mwenyewe atarudi kukilalia.

Sijawahi kuchomelea vizuri namna ile.

Meli iliondoka saa nne asubuhi, juu yake wamepanga mifuko ya saruji ili ionekane ya biashara.

Wiki ya tano maafisa wawili wakabisha hodi kwa dada. Wakamwambia mwanawe amefariki kazini, na mwili unarudi na meli.

Dada hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Anafika lini?"

Siku zote zile za kusubiri aliniambia jambo moja. "Nikimzika kwa mikono yangu nitaweza, mdogo wangu. Nikijua alipolala, nitaweza." Akafua shuka zake, akafagia chumba chake, akakaa.

Meli ikaja. Familia zikapangwa kwenye ghala moja la bandari, afisa akasoma majina. Dada alisimama mpaka jina la mwisho. La mwanawe halikusomwa.

"Mama, kulitokea matatizo ya usafiri," afisa akasema, akakunja karatasi.

Siku mbili baadaye nikaitwa kukata vitanda. Nikashuka ngamani na mtungi wangu wa gesi begani.

Pale chini ya mlango wa juu, upande mmoja sakafu ilikuwa imekwaruzwa na kontena lililokuwa limekaa hapo. Upande wa pili kilisimama kitanda kimoja peke yake. Kimepindapinda, kimejaa alama za nyundo kila mahali, lakini kimesimama.

187.

Mpishi wa meli alikuwa ameketi kwenye ngazi anavuta sigara.

"Hicho ndicho kilichotuponza," akasema. "Kontena la kwanza lilishuka vizuri. La pili likabaki linaning'inia hapo juu, kitanda hakitoki. Watu kumi na nyundo, saa nzima!"

"Si mngekata kwa moto?"

"Ngama ya pili ilikuwa na mapipa ya mafuta, ungetulipua wewe? Na kule juu hakuna umeme wa baridi. Mizinga inazidi kusogea. Nahodha akasema rudisheni gatini, tuondoke."

"Mlirudisha nini gatini?"

"Kontena, bwana. Na waliokuwa ndani." Akatema mate. "Nasikia mji wenyewe umeshachukuliwa. Sijui ni fundi gani yule, alichomelea kama anajenga daraja."

Nilikikata kile kitanda mwenyewe. Miguu minne ilinichukua dakika arobaini, na nililia humo humo ndani ya kofia mpaka kioo kikapata ukungu.

Leo ni mwaka wa tatu. Dada bado ananiuliza, "Wewe ni mtu wa bandarini. Matatizo gani yale ya usafiri?" Mimi namjibu, "Sijui, Dada."

Ninyi mnaosoma, kama kuna jambo mtu wako anapaswa kulijua, mwambie kwa mdomo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilikuwa na neno moja, nikalificha kwenye chuma. Kijana hakulisikia, na chuma kikamnyima mama yake kaburi la mwanawe.

Na wewe Dada, hii usinitumie. Nimekaa hapa kwenye ngazi ya mlango wako tangu asubuhi, nikitafuta pa kuanzia, nikaishia kuituma hii humu kipande kwa kipande. Harufu ya chungu kinachoungua imenifikia, kwa hiyo najua umeshaifungua na unaisoma.

Njoo ufungue mlango, nikwambie mwenyewe.