Kompyuta Iliyokaa Darini

Mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni Ulaya alikuja na kompyuta, zile za zamani ambazo vibonye na mashine ni kitu kimoja, na kioo chake ni televisheni ya kuazima. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri kama zamani, basi akaenda Dar es Salaam kuhangaikia kazi, mashine akaniachia pale kwetu Kitangari.

"Dada, nitunzie vizuri," alisema.

Nikamtunzia nilivyojua. Kwetu kitu cha thamani hakikai chini. Kinapanda darini jikoni, juu ya moto, panapokaa mbegu, ili moshi uzuie wadudu. Niliifunga kwa khanga mpya nikaipandisha, na kila nilipopika niliitazama nikajisifu.

Alirudi hana kazi. Lakini watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua shule, na mfanyabiashara mmoja wa Masasi aliyekuwa anajenga ya kwake alitafuta mwalimu wa kompyuta. Akasema atakuja kuona mwenyewe. Akaja kweli, na jenereta nyuma ya pikapu. Majirani wakajaa uani bila kualikwa.

Tukaishusha mashine darini, mdogo wangu akaiunga na televisheni ya kuazima, akawasha. Televisheni ikajaa vimraba, basi. Akazima, akawasha, vilevile. Akalegeza skrubu, akainua kifuniko, harufu ikatoka: moshi, masizi, na samaki wakavu niliokuwa nimewaning'iniza pembeni yake. Hakuna asiyeitambua harufu ile.

"Hii si mashine, hii mbegu!" jirani mmoja alisema. Wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke nijitie humo.

Mdogo wangu hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alimweleza mgeni kwamba ndani mna vipande vyeusi, kila kimoja kina miguu mingi kama tandu, na vimechomekwa tu, havikuchomelewa. Vikipata joto vinatanuka, vikipoa vinasinyaa, na ikiwa hivyo kila siku vinajinyanyua vyenyewe hadi miguu inaacha kushika. Hakunitaja, lakini kila neno lilinihusu mimi. Dar alikosa kazi, na hii nayo nilikuwa nimempikia ikaungua.

Nikajibanza mlangoni.

"Kutengeneza unajua, naona," mgeni alisema. "Kufundisha je? Mfundishe huyo mama pale."

"Aa, mzee, mimi mikono yangu ina masizi," nikajitetea.

"Dada, njoo," mdogo wangu aliniita, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Nikaenda.

"Umeme umezimwa, haukupigi. Weka kidole gumba hapa, kandamiza upande huu, halafu huu. Taratibu, mpaka usikie kimekaa."

Nikakandamiza. Kikalia, ko! Nikaruka nikidhani nimekivunja, watu wakacheka tena. "Hivyohivyo," akasema. "Kinachofuata." Nikavipitia. Kimoja nilikiona mwenyewe kimeinuka upande, nikakisukuma kabla hajaniambia. Kwa kitambo kidogo nikasahau kwamba natazamwa.

Jenereta ikanguruma. Vimraba vikatoweka, kioo kikawa safi, na alama ndogo ikawa inawakawaka pembeni. Akaniambia nibonyeze herufi. Nikabonyeza, ikatokea. Nikageuka kumtazama mdogo wangu nikicheka kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimerudisha nilichoharibu.

Mgeni akampiga begani.

"Kazi umepata. Kama umeweza kumfundisha hata huyu, wanafunzi wangu hawatakushinda."

Uani wote walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa riziki ya mdogo wangu ilikuwa kinywani mwa mtu yule.

"Asante, mzee," mdogo wangu alisema.

Hakunitazama. Hata angenitazama sijui ningemwonyesha uso gani. Chakula kilikuwa tayari na watu walikuwa wameshakaa mkekani, kwa hiyo nilichukua birika la maji na bakuli, nikapiga goti mbele ya mgeni, nikamnawisha mikono.