Pinboli ya Vipande

Mume wangu alipotoka hospitalini, mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Vingine vilichukuliwa na roli za kusagia majani katika kiwanda cha chai alikokuwa fundi wa mitambo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha tukahamia Sosiot, kwetu, kwenye kipande cha shamba alichonipa mama yangu. Mume wangu alikuwa mtu wa kutoka ziwani. Sasa akawa mkwe anayekaa kwa wakwe zake, mkono umo ndani ya mfuko wa koti.

Koti lile hakulivua hata jua likiwaka. Akisalimiwa, alitoa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Kanisani alikaa nyuma, upande wa ukuta. Mimi nilikuwa na hoteli ndogo sokoni, ya chai, mandazi na maharagwe, na nilipokuwa nikihudumia wateja nilijua kwamba yeye yuko nyumbani anautazama mlango.

Siku moja alikwenda mjini Kericho kuonana na daktari. Alirudi na uso mwingine kabisa. Njiani alikuwa ameingia baa moja akaona mashine ya pinboli, ule mchezo wa gololi ya chuma inayorushwa kwa springi ndani ya sanduku la kioo, nawe unaipiga kwa vibao viwili isidondoke chini.

"Imekufa," akaniambia. "Wameisukuma kando, wanapanga kreti za soda juu yake. Nikamuuliza mwenye baa kwa nini haitengenezwi. Akasema kakitu kadogo kakiharibika ndani, lazima mashine yote ibebwe na lori mpaka Nakuru."

"Sasa wewe inakuhusu nini?"

"Nataka kuunda yangu. Ya vipande. Kikiharibika kimoja unakichomoa, unaweka kingine. Na kila kipande kiwe chepesi, mtu mmoja akibebe."

Hakusema mtu huyo ni nani. Nilijua.

Tangu hapo nyumba yetu ikajaa vitu. Springi za makochi ya zamani, beringi za malori zilizopasuliwa kutoa gololi, mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande vyembamba, kengele za baiskeli, vikombe vya bati vya kufanya mashimo. Alijifunza kushika penseli kwa vile vidole viwili, kisha msumeno. Mara nyingi nilisikia kitu kikianguka sakafuni, halafu kimya, halafu kazi inaendelea. Sikuinuka kwenda kumsaidia. Nilitaka sana kuinuka, lakini nilikuwa nimeshaona jinsi alivyonitazama mara ya kwanza nilipofanya hivyo.

Sanduku lilikuwa na miguu ya kufungua. Vile vibao viwili na vyuma vyake alivifunga kwenye ubao mmoja mwembamba uliotoka mzima mzima. Na uwanja wenyewe, ile plaiwudi ambayo gololi hukimbia juu yake, aliufanya wa kuvuta kama droo, ili siku ukichoshwa na mchezo mmoja uingize mwingine. Kuchora juu ya uwanja akaniachia mimi. Jioni, watoto wakishalala, tulikaa mezani na taa katikati. Nilichora mistari ya chai, barabara nyekundu, banda la kununulia majani, na juu kabisa kiwanda chenye bomba la moshi. Nilipofika kwenye kiwanda mkono ulisita.

"Chora tu," akasema. "Kiwanda kiko pale. Hatuwezi kusema hakiko."

Mama yangu alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akaizunguka ile mashine, akaikagua kama anayenunua ndama.

"Hii si kamari?" akaniuliza.

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Hakuna zawadi, mama. Mtu anakunywa chai, anacheza, anaenda kwake."

"Kama hashindi kitu, anacheza ya nini?"

"Asikie kengele," akasema.

Mama akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyepaswa kumweleza alichoolewa nacho binti yake. Lakini Jumapili kanisani alinyamaza juu ya ile mashine, na kwa mama yangu kunyamaza kulikuwa ruhusa.

Tuliizindua siku ya soko, mbele ya hoteli. Aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, kipande baada ya kipande, akirudi na kwenda, na watu wakaanza kumfuata kuona kinachojengwa. Kufikia saa ya chai umati ulikuwa umeziba barabara. Wanaume ndio waliotangulia. Waliegemea sanduku kwa viwiko, wakapiga vibao kwa nguvu kama wanaokata kuni. Kengele zililia, watu wakashangilia, na mimi nikaanza kutabasamu nikiwa na birika mkononi. Kisha kibao cha kulia kikakwama. Gololi ikateremka taratibu, ikapotea.

"Imeisha!" mmoja akapiga kelele. "Rudisha hii kitu kwa fundi!"

Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono mfukoni. Niliweka birika chini, nikachukua spana, nikajaribu nati iliyoshika ule ubao. Ilikataa. Nilijaribu tena, jasho likinitoka, kicheko kikiongezeka nyuma yangu. Ndipo nikaona koti likiwekwa juu ya benchi.

Akanitoa njiani polepole. Akashika spana kwa mkono wa kushoto, na kwa vile vidole viwili vya kulia akakishikilia kichwa cha bolti kisizunguke pamoja na nati. Kicheko kikafa. Sidhani kama kulikuwa na mtu sokoni aliyekuwa ameuona mkono ule kabla ya siku hiyo. Akachomoa ubao mzima pamoja na vibao vyake, akaingiza mwingine wa akiba, akakaza.

Mama mmoja mzee, mchumaji chai, akajipenyeza mpaka mbele, kapu likiwa bado mgongoni.

"Pole, baba," akasema, akiutazama mkono waziwazi. "Ni mashine?"

"Ni mashine, mama."

"Na hii si mashine ingine?"

"Hii haina meno."

"Basi wanipishe."

Akavua kapu, akaweka vidole pale pa kupigia vibao. Sijaona tena mtu akicheza vile. Wachumaji wana vidole vinavyoona vyenyewe. Macho yanakuwa yameshatangulia kwenye kichaka kinachofuata. Hakupiga kwa nguvu. Aligusa tu, kushoto, kulia, na gololi ikapanda tena na tena kati ya mistari ya chai niliyoichora, kengele zikilia mpaka wanaume wakasogea kando. Tangu siku hiyo mashine ile ilikuwa ya wanawake wa chai. Wanaume walisubiri zamu.

Habari zikafika mpaka soko la ng'ombe la Siongiroi. Wafanyabiashara wa ng'ombe wakaja wakisema wanataka mashine, lakini michoro ya chai hawaitaki, wanataka wachorewe mnada. Mume wangu akaunda sanduku lilelile, nami nikachora ng'ombe na zizi. Nyingine, ya soko la Ndanai, iliharibika upesi kwa sababu mwenye nayo aliiacha nje, mvua ikainyeshea, plaiwudi ikavimba. Akapeleka uwanja mpya kwa baiskeli, na hapo ndipo wengi walipoelewa maana ya vipande.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, hoteli zikaanza kuweka televisheni na watu wakageukia mpira. Mashine zikachakaa. Nilidhani ataumia, lakini hakuwa na nafasi ya kuumia. Kila soko lilikuwa limeshamjua, na kinu cha kusagia mahindi kikizima mahali, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi amechoka, ananuka mafuta, akiwa na habari za watu nisiowajua.

Nilifurahi kwa ajili yake, na huo ni ukweli. Lakini meza yetu ya jioni ikawa ya chakula tu. Nilimwambia mara moja kwamba rangi zinakauka kwenye makopo. Akasema, "Tutapata siku." Hatukuipata, na rangi hatimaye nikawapa watoto wakapake mlango wa zizi.