Kadi Yangu Ukutani

"Bwana asifiwe" nitaisema mwishoni. Kwanza, Mchungaji, kaa. Kipaza sauti hiki leo ni changu.

Mnanijua: Speciose, fundi cherehani wa Kimisagara. Kabla sijaugua nilikanyaga cherehani tangu asubuhi, mapambio yenu mdomoni. Kisha moyo ukaanza kusahau kupiga. Nikaanguka juu ya gauni la bibi harusi. Nilipelekwa nje ya nchi, nikawekewa chini ya mtulinga kifaa cha betri cha kuukumbusha moyo. Nikapewa na kadi yake, yenye aina na namba ya kifaa.

Niliporudi, Mchungaji aliniambia, "Dada, aliyepona anatunza kadi ya nini?" Akaitia kwenye fremu, akaitundika pale, ukuta wa ushindi, kati ya miwani na magongo ya waliotangazwa kupona. Mlipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Mwaka huu pasi ya makaa iliniangukia mguuni. Nina sukari, kidonda kikawa cheusi, kikatoa usaha, kikanuka hadi wateja wakawa wanaishia mlangoni. Daktari akasema, "Kuna chumba cha oksijeni chenye mgandamizo wa hewa. Kinaweza kuokoa mguu. Lakini si kila kifaa cha moyo kinauhimili. Bila kujua aina ya chako, sikuingizi. Kadi iko wapi?"

Hospitali ya huko nje iliandikiwa, haikujibu. Siku ya kukatwa mguu ikapangwa. Dada yangu Konsolata akaja hapa kuomba kadi. Mchungaji akamjibu, "Kilichotolewa madhabahuni hakirudi. Mwenye imani, hata mguu mmoja unamtosha."

Konsolata akapanda benchi, pambio likiendelea, akaitungua fremu.

"Unamwibia Mungu!"

"Mungu havai betri, Mchungaji."

Daktari aliisoma kadi, akawauliza waliotengeneza kifaa, wakakubali. Siku baada ya siku nililala ndani ya kile chumba chenye umbo la bomba, masikio yakiziba, moyo ukipiga bila kukosea. Humo sikuomba. Nilikariri maneno haya. Nyama ikarudi nyekundu. Kilichokwenda ni kidole kidogo tu.

Namshukuru daktari, na Konsolata zaidi. Nanyi wenye kifaa kifuani, kadi yake msimpe mtu, hata akija na Biblia mkononi.

Mama Solange, miwani yako ni ile ya tatu. Jana ulinisalimia ukidhani mimi ni Konsolata. Njoo uichukue. Mzee Fidèle, gongo lako lile pale. Nitawasubiri nimesimama, kwa mguu huu huu, mpaka ukutani ibaki misumari mitupu. Hapo ndipo nitasema Bwana asifiwe.