Swali la Bi Mwanaamina

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, bodaboda za Kibuta hupata neema. Vijana wa Kisarawe, na hata wa kule Kibaha alikofundisha zamani, humiminika kwa Bi Mwanaamina kumuuliza wasome nini chuo kikuu. Yeye hana papara nao. Humpa kila mmoja kisu na muhogo wa kumenya, kisha humuuliza swali lile lile: kazi gani unaifanya bila kuambiwa? Hapo ndipo wale wanaotaka udaktari kwa sababu baba kasema hushikwa na kigugumizi.

Msimu wenyewe ni mfupi, kisha kimya. Wakishapata vyuo hawarudi, wala hawapigi simu. Bi Mwanaamina hakuwa na kinyongo, maana nyumbani alikuwa na Yasmin, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno.

Mwaka huu zamu ikawa ya Yasmin. Alikuwa amefaulu masomo ya sayansi, na tangu yuko mdogo wimbo wake ulikuwa maabara, maabara, mpaka majirani wakachoka. Ghafla akageuka. Akasema atasoma ualimu chuo cha karibu, awe analala nyumbani. Kozi ya maabara aliyoipata iko Mbeya, na Mbeya ni mbali.

Tuseme kweli, Bi Mwanaamina alifurahi. Alifurahi mpaka akajionea haya. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha na asingelaumiwa na mtu. Lakini alimwita jikoni, akampa kisu na muhogo kama wengine wote, akamuuliza.

Yasmin alimenya mpaka akamaliza.

"Kukaa na wewe, shangazi."

Maneno yale yalimwingia Bi Mwanaamina. Alitamani kuyapokea na kuyafungia ndani.

"Hiyo haina chuo, mwanangu," alisema. "Nenda Mbeya."

Yasmin alilia, akasusa chakula, mwishowe akaenda. Shangazi alimsindikiza hadi stendi, akataniana na makondakta, akapunga mkono mpaka basi likapotea.

Jioni aliketi jikoni peke yake. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko alivyoijua. Akachukua kisu, mawazo yakaenda mbali, mikono ikaendelea na mazoea yake. Alipotazama sufuriani aliona amemenya mihogo ya watu wawili, na hakuna aliyemwambia.