Kayaba Zilizopandwa na Pakiti za Maziwa

Mwanzo wa miaka ya elfu mbili, mimi na mathe, mama yangu, tulikuwa na nasari ya miche Kinoo, kando ya barabara. Mathe alikuwa anapandia miche kwa magome ya mgomba yaliyokauka, anayakunja kama kikombe. Mimi nilijiona wa kisasa: naokota pakiti za plastiki za maziwa nyuma ya hoteli, natoboa chini, najaza mchanga.

Mvua ikinyesha, vikombe vya mathe vinalegea, miche inamwagika kabla mnunuzi afike.

"Mathe, hizi zako zimezeeka zikiwa bado watoto," namwambia.

Pakiti zangu zinasimama tu, ng'ombe kwa picha anakuchekea.

Siku moja akaja mama wa Parklands, anataka ua wa kayaba, ile miti ya miiba, kuzunguka ploti yake yote. Akabeba miche kidogo ya mathe na kidogo yangu, akajaribu. Yule miche yake itashika vizuri, ndiye atapewa ua wote. Mathe akaongeza yake:

"Atakayeshindwa atachota maji ya nasari mpaka mvua irudi."

Mto uko huko chini kabisa, na kupanda na maji si mchezo. Nilikubali mbio mbio, huku nikihurumia magoti yake.

Mvua ilipoisha tukaitwa Parklands. Kayaba za mathe zimejaa majani. Zangu? Njano, kama mtu ametoka wodi. Nikachimba moja. Pakiti bado mpya, ng'ombe bado anacheka, na mizizi imejisokota ndani kama tambi.

"Bosi, si ungepasua pakiti kwanza?" nikamuuliza mtunza bustani wa yule mama, aliyezipanda.

"Za mama yako nilipanda na nguo zake, yale magome, mwenyewe akasema ni sawa. Nikajua hata zako ni hivyo."

Mathe akachimba moja yake. Tukatafuta gome, hakuna. Limekuwa mchanga, mizizi imetoka kutembea.

"Kikombe yangu iko wapi?" akaniuliza, sauti ya mwalimu.

"Imeliwa, mathe."

"Na yako?"

"Inangoja wajukuu."

Mama wa Parklands alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampa mathe ua wote. Kufika Kinoo, nikawekewa jerikeni mkononi. Nikajaribu ujanja wa mwisho.

"Mathe, si hata hii ni plastiki? Ama nichote na gome la mgomba?"

Hata hakugeuka.

"Jerikeni hatupandi. Shuka mtoni."